Zizi la Mbuke

Kyarubanga, Jumapili, 21 Februari 1988

Naomba radhi, daftari, kwa kimya cha miaka minne. Haukuwa uvivu. Mwaka 1984 nilijaza ukurasa wa mwisho wa daftari lililokutangulia, nikaenda Bunda kutafuta jingine, nikaambiwa madaftari hakuna, sabuni hakuna, chumvi ipo kwa foleni. Nikazoea kunyamaza, na mazoea mabaya hayahitaji mwalimu. Sasa maduka ya Bunda yamefunguka. Yana madaftari yenye wachezaji wa mpira kwenye jalada. Mwanangu Nathanieli, anayejenga nyumba Bweri, Musoma, amenitumia wewe na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Ya bluu ndiyo hii. Nyekundu sijui nitaitumia wapi. Sina tena mwanafunzi wa kumsahihisha.

Nimerudi kwako kwa sababu kuna jambo la kuandika. Mwezi wa Agosti parokia yetu itatimiza miaka sabini na mitano. Baraza limeamua kanisa jipya lijengwe mahali pa lile la kale, juu ya kilima, ambako tangu mwaka 1947 upepo ulipong'oa paa kumebaki kuta za mawe zinazofika kiunoni. Tangu hapo tunasali katika ghala la pamba lililo kando ya barabara ya Butiama. Clementi Keraryo, mfanyabiashara wa Kabasa, Bunda, niliyemfundisha darasa la nne, ameahidi saruji yote na mabati yote. Sharti lake ni moja: jiwe la msingi liandikwe jina la babu yake, Keraryo, aliyewapa mapadri wa kwanza ardhi ile.

Sharti hilo ni la haki. Jambo lenyewe limeandikwa katika kijitabu cha historia ya parokia, ukurasa wa saba, kilichochapwa mwaka 1961. Mwandishi ni mimi, Apolinary Werema.

Mvua bado.

Jumatano, 24 Februari

Padri Isidori, paroko wetu, anataka kuta za kale zichunguzwe na kuchorwa kabla mafundi hawajazivunja. Amemkaribisha mtafiti wa mambo ya kale kutoka Chuo Kikuu. Nilitarajia mwanamume mwenye miwani. Ameshuka binti wa miaka ishirini na sita, Dorkas, mzaliwa wa Buhare pale Musoma, mwenye begi la mgongoni na suruali. Nilimwuliza kama kwao kitambaa cha gauni bado ni cha foleni. Akanijibu kwa adabu, "Gauni haliingii shimoni, Mzee." Mke wangu Eufrasia alicheka mpaka akaketi.

Atalala kwetu.

Alhamisi, 25 Februari

Wamepigilia vigingi na kufunga kamba. Mvua bado.

Jumatatu, 29 Februari

Vijana sita wa parokia wanachimba, naye Dorkas anawatuma kama nyapara. Hachimbi kama mtu anayetafuta kitu; anakwangua kwa mwiko wa mwashi, kidogo kidogo, kisha anachekecha udongo. Leo wamepata misumari, vipande vya kioo, na bawaba ya mlango wa sakristia. Niliitambua bawaba hiyo. Nilipokuwa mtumishi wa altare ilikuwa ikilia kila Padri anapotoka.

Gati amekuja kuwauzia wachimbaji togwa. Ni mwanamke wa miaka sabini hivi, mpika pombe wa hapa kilimani, hajabatizwa wala hakuwahi kuomba kubatizwa. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyesimama mlangoni pa kanisa kuangalia nidhamu, na mara nyingi nilimrudisha. Nilimwambia Dorkas asimzoee.

Jumamosi, 5 Machi

Mvua imeanza. Imetukuta bila paa, na mitaro ikajaa maji.

Kabla ya mvua, Dorkas alikuwa amefika kwenye tabaka jeusi, laini, lenye unene wa kiganja, lililoenea chini ya sakafu yote ya kanisa. Alisema ni majivu. Huenda kanisa la kwanza, lile la miti na udongo, liliungua. Nilimwambia hilo haliwezekani, maana kijitabu changu hakitaji moto. Akaniangalia kwa upole mno, kama muuguzi.

Gati, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta na ndoo yake ya togwa, aliteremka bila kuombwa. Akachukua donge la udongo ule uliolowa, akalivunja kwa vidole, akalinusa.

"Majivu gani?" akasema. "Haya ni mavi ya ng'ombe. Hapa palikuwaga zizi. Nyie wasomi hamjafuga?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Dorkas hakucheka. Alinusa naye, kisha akaandika.

Jumatatu, 7 Machi

Mvua. Wamechota maji ya mitaroni kwa ndoo kutwa.

Alhamisi, 10 Machi

Siku kubwa. Chini ya kizingiti cha mlango mkuu, katikati ya lile zizi la kale, limeonekana kaburi. Mawe yamepangwa kwa duara, na mtu amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Wameanza kichwani, miguu bado imo ndani ya udongo.

Nilimweleza Dorkas jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua: kwetu anayezikwa ndani ya zizi ni mwenye mji. Wengine huzikwa nje, kila mmoja na upande wake, lakini katikati ya ng'ombe halali mtu isipokuwa mwenye ng'ombe. Basi mwenye mji huu, aliyeutoa kwa mapadri, ndiye huyu. Nikavua kofia. Nikawatangazia wote waliokuwapo kwamba tumempata Keraryo, na kwamba ukurasa wa saba umethibitishwa na ardhi yenyewe.

Dorkas alisema tungoje tuone mwili mzima. Nilimwambia kungoja ni kazi ya wasio na hakika.

Jumapili, 13 Machi

Clementi amefika kutoka Kabasa na gari lake jipya, mbuzi wawili na kreti nane za soda. Baada ya misa alisimama kando ya mtaro akaahidi kwamba kaburi la babu yake litajengewa vigae vyeupe ndani ya kanisa jipya, mahali ambapo kila mwenye kwenda kupokea komunyo atapita. Saruji ya awamu ya kwanza imeshashushwa. Imejaa nyumba ya katekista mpaka darini. Alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Mwalimu, bila kalamu yako babu yangu angepotea." Nakiri kwamba nilipendezwa.

Gati alikuwapo. Alimaliza soda yake, akarudisha chupa kwenye kreti, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mfu hana mdomo." Watu wakadhani amelewa.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua.

Jumanne, 15 Machi

Mvua. Eufrasia ana homa ndogo.

Jumatano, 16 Machi

Naandika polepole ili nisikosee.

Asubuhi jua lilitoka na Dorkas akamalizia miguu. Alifanya kazi kwa brashi, tumbo chini juu ya ubao. Saa nne aliniita. Kwenye kila mguu kulikuwa na vikuku vinne vya shaba, vimeota kutu ya kijani, vimepangwa kuanzia kifundo kwenda juu.

Vikuku vya namna hiyo navijua. Bibi yangu mzaa baba alivaa mpaka alipobatizwa. Mwanamume alivaa bangili mkononi, na wengine walivaa pembe za ndovu, lakini vikuku vile miguuni walivaa wanawake walioolewa tu. Nikasema pengine Keraryo alizikwa na vikuku vya mkewe. Dorkas akanionyesha mfupa wa nyonga, akanieleza kwa kidole jinsi nyonga ya mama inavyotofautiana na ya baba. Nilimwelewa. Hata ng'ombe ana tofauti hiyo, na mimi nimechinja wengi.

Mwanamke, katikati ya zizi.

Gati alikuwa ameshuka mtaroni. Alichuchumaa karibu na miguu ile, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni Mbuke." Dorkas akamwuliza Mbuke ni nani. Nimeandika maneno ya Gati kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha, kwa sababu leo si siku yangu ya kusahihisha mtu.

"Mbuke alikuwaga tajiri. Mume wake alikufa mapema, hakumwachia mtoto, akamwachia ng'ombe. Akatoa ng'ombe kumi na mbili akamwoa bibi yangu, anaitwa Nyangeta. Bibi akazaa baba yangu na shangazi zangu wawili. Wote watoto wa Mbuke. Hapa ndiyo ilikuwaga mji wetu. Wazungu walivyokuja wakaomba mahali pa kujenga, yeye ndiye alisema jengeni hapa, ila watoto wangu muwafundishe kusoma, na mimi nikifa mnilaze kwenye zizi langu."

Desturi anayoisema tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali asiye na mtoto hutoa mahari, huoa binti, na watoto wa binti huyo huwa wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Mwanamume anayeingia kuzaa na binti huyo hahesabiwi kuwa mume, wala hana dai, si kwa mtoto, si kwa ardhi. Kila mtu wa huku anajua. Mimi najua. Lakini nilipoona kaburi katikati ya zizi niliona mwanamume, kwa sababu nilikuwa nimeshamwandika.

Dorkas akauliza, "Na Keraryo je, bibi?"

Gati akainuka, akapangusa magoti. "Keraryo alikuwaga mchungaji wa ng'ombe za Mbuke. Na ndiye mwanaume aliyekuwa anaingia. Baba yangu alitoka kwake. Sasa mtu wa kuingia, anatoa ardhi ya nani?"

Kisha akaniangalia mimi.

"Mwalimu, nilikwambiaga."

Alhamisi, 17 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Sikutoka. Nilifungua sanduku la madaftari ya zamani nikatafuta ya mwaka 1961. Nimeyakuta haya, kwa mwandiko wangu mzuri wa wakati ule, tarehe 9 Juni: "Leo nimewahoji wazee tisa kuhusu asili ya uwanja wa kanisa. Wote wamekubaliana kuwa ni Keraryo. Amekuja pia mwanamke mmoja mpika pombe, Gati, akidai ardhi ilikuwa ya mwanamke aliyemwoa bibi yake. Nimemwondoa. Ananuka pombe."

Wazee tisa. Wanne walikuwa watoto wa Keraryo. Watano waliobaki walikuwa wamekunywa kwao asubuhi ile. Wao hawakunuka?

Ijumaa, 18 Machi

Nimemsomea Eufrasia ukurasa ule wa 1961. Alikuwa anapepeta mtama. Hakusimama.

"Baba Nathanieli," akasema, "mtoto wa Mzee Marwa ulimpiga fimbo tatu kwa sababu ya kukosa nukta. Wewe utajipiga ngapi?"

Jumamosi, 19 Machi, Mt. Yosefu

Nimekwenda kwa Padri Isidori na kumweleza yote. Si mtu mbaya. Ana miaka arobaini, ana ghala la pamba linalovuja juu ya Ekaristi, na ana saruji katika nyumba ya katekista. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Clementi amejua. Nikasema bado. Akapendekeza jiwe la msingi liandikwe: Ardhi hii ilitolewa na wenyeji wa Kyarubanga. Hivyo hatutasema uongo, na Clementi tutamtuliza polepole.

Nilimwambia kwamba wenyeji wa Kyarubanga hawakutoa kitu, walikuwa wanaangalia.

"Mwalimu," akasema, "paa kwanza. Ukweli hauozi kwa mvua. Watu wanaoza."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni kwa sababu nusu yangu inakubaliana naye. Nimeomba kanisa hilo kwa miaka arobaini na mmoja.

Padri amenipa jambo jingine, pengine kwa kutaka kunilainisha, nalo limenifanya mgumu zaidi. Katika kumbukumbu za mapadri wa kwanza kuna mistari miwili ya mwaka 1922: mwanamke mmoja tajiri aliomba ubatizo akiwa mgonjwa. Aliambiwa amwache kwanza "mke" wake. Akajibu, nikimfukuza, watoto watakuwa wa nani? Akafa bila ubatizo. Jina lake halikuandikwa. Tisa baadaye walilijenga kanisa la mawe, na mlango wake wakauweka juu yake.

Miaka tisa baadaye, ndivyo ninavyotaka kusema. Nimeruka neno.

Jumanne, 22 Machi

Mvua. Dorkas amelifunika kaburi kwa mabati chakavu na mawe.

Jumapili, 3 Aprili, Pasaka

Clementi amesikia. Sijui nani alimwambia. Katika nchi hii habari haihitaji petroli. Alikuja kwenye misa, akanipita bila kunisalimu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusalimu.

Jumapili, 10 Aprili

Baraza la parokia limekutana katika ghala baada ya misa ya pili. Lilikuwa na wajumbe kumi na wanne, nami nikiwamo, Padri Isidori, Clementi kama mgeni, Dorkas kama mtaalamu. Gati hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa si mkristo. Alikaa nje chini ya mchirizi wa paa, akasikiliza kupitia ubao uliopasuka.

Dorkas alieleza mifupa na vikuku. Clementi akauliza kama mfupa una kitambulisho. Watu wakacheka. Akasema hata babu yake alipenda kujipamba. Wakacheka zaidi. Halafu akachomoa kijitabu changu mfukoni, akafungua ukurasa wa saba, akausoma wote kwa sauti, na alisoma vizuri, bila kukwama, kama nilivyomfundisha. Alipomaliza akanigeukia.

"Darasani ulitwambia tukariri ukurasa huu. Nilichapwa kwa kuusahau. Leo unasema ni uongo. Basi nirudishie fimbo zangu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye vifungu sita. Nimesema sentensi chache tu. Nilisema kwamba Clementi ana haki ya fimbo zake. Nilisema kwamba mwaka 1961 niliwauliza wanaume tisa na kumfukuza mwanamke mmoja, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyesema kweli, na sasa yuko nje, ananyeshewa na maji ya paa letu. Nilisema sitakubali jina la Keraryo liandikwe kwenye jiwe, wala "wenyeji". Jina ni Mbuke.

Mzee mmoja alisema mpagani aliyeoa mwanamke mwenzake hawezi kuandikwa kwenye kanisa. Nikamjibu kwamba aliandikwa kwa mifupa yake kabla ya sisi kuzaliwa, nasi mpaka mwaka 1947 tulikuwa tukimkanyaga kila Jumapili tukienda kupokea.

Kura: wawili pamoja nami, kumi na mmoja dhidi yangu. Wawili hao ni wanawake.

Jumatatu, 11 Aprili

Lori limekuja kuchukua saruji. Watu walisimama barabarani wakilitazama likipakiwa, mvua ikinyesha, na hakuna aliyesaidia kufunika turubai. Mfuko mmoja ulipasuka. Matope yake sasa yameganda mbele ya nyumba ya katekista. Walipogeuka walinitazama mimi.

Jumatano, 13 Aprili

Nimeondolewa kwenye zamu ya kusoma somo. Nimeondolewa pia kwenye kamati ya jubilei. Barua imeandikwa vibaya sana.

Mvua.

Alhamisi, 14 Aprili

Leo nimejua kalamu nyekundu ni ya nini.

Mwalimu akikosea ubaoni, hafuti usiku wanafunzi wakiwa wamelala. Anarudi mbele yao, anasahihisha wakiona. Vijitabu vyangu vilichapwa sitini. Orodha ya waliovipokea ninayo. Nimeanzia kwa jirani. Nimemwomba kijitabu, nimekifungua ukurasa wa saba, nimekata mstari mbele ya macho yake, na pembeni nimeandika: "Si kweli. Ardhi ilitolewa na Mbuke, mwenye mji, aliyezikwa katika zizi lake. Mwandishi alikosea. A. Werema, 1988." Kisha nimemsomea.

Nimefika nyumba nne. Ya kwanza walinipa uji. Ya pili walinipa kijitabu dirishani. Ya tatu waliniambia panya wamekila. Ya nne mjane mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe nawe unapata mkasi," maana yake ile alama ya kosa, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumamosi, 16 Aprili

Nyumba sita. Mvua. Viatu vimeachia soli.

Jumatatu, 18 Aprili

Nyumba tatu. Kwa katekista nimefungiwa mlango. Nimekaa kibarazani mpaka mkewe aliponionea huruma akakileta mwenyewe.

Ijumaa, 22 Aprili

Butiama, nyumba mbili. Nimetembea kwenda na kurudi. Eufrasia ameniwekea maji ya moto yenye chumvi, kisha akaketi kuvishona viatu vyangu.

Jumanne, 26 Aprili

Dorkas ameondoka. Amechora kila kitu. Aliniachia mwiko wake wa mwashi, nami nikampa nakala yangu mwenyewe ya kijitabu, ikiwa imeshasahihishwa. Nilimwambia suruali yake imefanya kazi nzuri. Akasema, "Na gauni la Mbuke pia, Mzee."

Alhamisi, 28 Aprili

Nimekwenda Kabasa.

Vijitabu vyote nilivyoweza kuvipata vilikuwa vimekwisha, isipokuwa cha Clementi. Nilipanda lori la mtama mpaka Bunda, nikafika dukani kwake saa mbili. Duka limejaa: khanga, betri, baiskeli zinazoning'inia darini. Nilimwambia nilichokuja kufanya. Akasema ana wateja. Nikageuza kreti ya soda nikaketi.

Nilikaa mpaka saa nane. Aliuza, aliagiza, aligombana na mtu wa mizani. Wateja walinisalimu wakadhani nimeajiriwa. Mwishowe alifunga droo, akaja akasimama mbele yangu.

"Niambie kitu kimoja, Mwalimu. Babu yangu alikuwa nani basi? Mtu wa kuingia tu, kama jogoo wa kuazima?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo kwa sauti ile. Nilimwambia kwamba Keraryo alichunga ng'ombe wa Mbuke miaka kumi na sita bila kupoteza hata mmoja kwa wezi, Gati ndiye aliyenisimulia. Kwamba hiyo ni historia ya mtu mwaminifu, nami niko tayari kuiandika, kwa wino wa bluu. Waliomgeuza kuwa mtoaji ni wanawe, na mimi.

Alikwenda ndani, akarudi na kijitabu. Nilipokata mstari aliangalia pembeni. Halafu akasema kwamba kama ni hivyo, Gati ni damu yake, binti wa mjomba au wa baba mkubwa, sijui wanaitaje. Basi jiwe liandikwe Mbuke na Keraryo, wote wawili, naye atarudisha lori kesho.

Nikiri: nilishawishika. Paa lilikuwa pale, kwa neno moja tu, "na". Nilimwambia si langu la kukubali. Nitamwuliza mwenye haki.

Jumapili, 1 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa Gati. Ni mara yangu ya kwanza kuingia kwake, na nimeishi hatua mia tatu kutoka mlango ule kwa maisha yangu yote. Nilivua kofia. Nilimwamkia kwanza, kisha nikaomba radhi ya mwaka 1961, na ya mlangoni pa kanisa, moja moja. Akasema nikae, kigoda hakiumi.

Nilimpa habari ya Clementi: lori, saruji, mabati, majina mawili. Nilimwambia kweli yote, pamoja na kwamba watu wananyeshewa misani na wananilaumu mimi, na kesho watamlaumu yeye.

Alikoroga chungu chake kwa muda.

"Keraryo alikuwaga mtu mzuri," akasema. "Baba alimpenda. Lakini Mbuke aliulizwa akiwa anakufa, aseme neno moja tu, abatizwe. Hakusema. Sasa mimi niseme kwa sababu ya bati?"

Nilijibu, "Hapana, mama."

Nilimwita mama. Nimeona niandike hilo pia.

Jumanne, 3 Mei

Nimempelekea Clementi jibu kwa barua. Mvua imepungua.

Alhamisi, 5 Mei

Padri Isidori alikuja nyumbani kwa miguu, kanzu yake imelowa mpaka magotini. Baraza limegawanyika, wanawake wa kanda tatu wamesema hawatabeba mawe kwa ajili ya jiwe la uongo, na bila wanawake hakuna jiwe linalopanda kilima kile. Kwa hiyo amepeleka suala lote kwa Askofu, Musoma: jina gani lichongwe, na kama mtu asiyebatizwa anaweza kuachwa alale chini ya mlango wa kanisa jipya. Ameambatisha ripoti ya Dorkas na barua ya Clementi ya kuomba majina mawili. Akaniomba nami niandike.

Nilimwuliza yeye ameandika nini. Akavua miwani, akaifuta. "Nimeandika kwamba paa linaweza kungoja," akasema. "Usinicheke, Mwalimu."

Sikumcheka. Barua yangu ina ukurasa mmoja. Nimemsomea Gati kabla ya kuifunga, akaweka dole gumba chini ya sahihi yangu.

Jumatano, 11 Mei

Hakuna mvua leo. Nilipanda kilimani na mwiko wa Dorkas. Nimemkuta Gati amefika kabla yangu, anakata matawi ya minyaa na kuyachomeka kuzunguka mabati yaliyofunika kaburi, jinsi zizi linavyozungushiwa. Nikamsaidia kuchimbia. Tumeacha nafasi ya lango upande wa machweo, kama ilivyokuwa, anasema yeye, na mimi sasa namwuliza yeye. Minyaa haifi; hata ukiichomeka kichwa chini itaota.

Katika vijitabu vyote nilivyoweza kuvipata, ukurasa wa saba umeshasahihishwa, na hakuna askofu anayeweza kuurudisha ulivyokuwa. Kinachongojwa ni jiwe. Barua ya Musoma ikishuka, liwe jina au liwe kukataliwa, nitaliandika hapa siku hiyohiyo, kwa kalamu nyekundu. Nimeipima kwenye mwanga. Wino uliobaki unatosha.